Jinsi ya kuandika filamu ya mume mwoga anayetoroka ndoa

Kosa la wengi ni kumfanya mke mkorofi balaa, anafoka tangu sini ya kwanza ili jamaa aonewe huruma. Skripti yangu ya kwanza ilikuwa hivyo hivyo, dada niliyempa acheze mke akanirudishia, kaka kwa hiyo mimi kazi yangu kupiga kelele tu? Nikanywea. Mke awe mtu poa kabisa na anampenda, shida jamaa hajawahi kumwambia hapana hata siku moja.

Sasa huo uoga usiuseme, uonyeshe. Jamaa anakaa Tabata, anataka kusepa ila akitoka na begi wife ataona, so anaaga naenda kujaza gesi. Hapo ushamnasa, maana inabidi atoroke na mtungi begani, na uwe ule mkubwa wa kilo 15 sio kale kadogo. Daladala konda anadai nauli ya mtungi, anafika stendi ya Magufuli kule Mbezi watu wa basi hawautaki, kuutupa anaogopa wife atamuua, wakati ndo anamtoroka huyo huyo! Usiongeze maneno hapo, kamera ikae usoni kwake tu.

Kisha simu iite.

"Baba Nasra, maharage yamelala jikoni."

"Kuna foleni mke wangu."

Nyuma mpiga debe anapaza, Dodoma Dodoma wawili twende!

"Hiyo foleni ya gesi iko Dodoma?"

Mke aje na boda, wewe mwandishi utatamani amzabe kibao, usithubutu. Aukalie mtungi, aulize ulikuwa unaenda wapi, na jamaa kwa mara ya kwanza aseme ukweli, hata kwa kigugumizi. Mapenzi yako hapo.

Kuhusu kushuti, vibali kwanza, Bodi ya Filamu na uongozi wa stendi pia, usijidanganye unatumia simu hawatakuona. Maiki ibanwe kwenye shati maana honi hazina huruma, na Machi mpaka Mei mvua itakupangia ratiba. Na ukiazima mtungi uutikise kwanza, sisi tuliuchukua kwa jirani kiholela, mwigizaji kaubeba weee, teki ya tano ndo tunagundua una gesi nusu, na mwenyewe anapiga simu anataka kupika.