Namna ya kuchagua na kuangalia rimeki za muvi za kutisha za bajeti ndogo, kwa wapenzi wa damu

Kama wewe ni mtu wa muvi za damu, yaani zile ambazo shoka likishuka kamera haigeuki pembeni, basi usihangaike na muvi kubwa zenye mastaa, anzia kwenye rimeki za bajeti ndogo. Najua watu wengi wakisikia rimeki wanakunja sura, wanasema ni kukosa ubunifu, kwa nini uirudie muvi ambayo ipo tayari. Kwenye muvi za mapenzi sawa, ila kwa muvi za damu hiyo hoja haina nguvu kabisa, maana stori unaijua na wala hujaja kusikiliza stori, umekuja kuona mikono ya mafundi imefanya nini. Ukishajua kwamba yule dada lazima ataenda kufungua ule mlango, akili inabaki huru kuangalia ngozi, mfupa, jinsi mpira ulivyopakwa rangi mpaka ukafanana na nyama mbichi. Hiyo ndo raha yenyewe, na nitajaribu kueleza namna ya kuipata bila kupoteza muda kwenye takataka, kwa sababu takataka zipo nyingi.

Kwanza tuelewane kwenye hiyo bajeti ndogo. Hizi muvi za mwanzo zilitengenezwa kwa hela kiduchu kweli kweli. Blood Feast ya 1963, ambayo wengi wanaihesabu kama baba wa muvi za damu, Herschell Gordon Lewis aliipiga kule Miami kwa dola 24,500 hivi. Night of the Living Dead ya 1968 George Romero na wenzake wa Pittsburgh walitumia kama dola 114,000. The Evil Dead ya 1981 ilikula karibu dola 375,000, na kabla ya hapo Sam Raimi na marafiki zake walitengeneza muvi fupi ya dola 1,600 ya kuwaonyesha watu wenye hela ili wachangie. Rimeki zake huwa zinapata hela zaidi, mfano The Texas Chainsaw Massacre ya 2003 ilikuwa na dola milioni 9.5 na Evil Dead ya 2013 milioni 17, kwetu ni mihela lakini kwa Hollywood hiyo ni muvi ndogo. Chini ya hapo kuna zile ambazo hazijawahi kuona ukumbi wa sinema, zilienda moja kwa moja kwenye DVD. Zote zinatuhusu.

Sasa cha kufanya, usiangalie rimeki peke yake. Angalia jozi, ya zamani usiku mmoja na rimeki usiku unaofuata, usiziunganishe siku moja maana utachoka na ya pili hutaiona vizuri. Na jozi ya kuanzia naona ni Night of the Living Dead, ya 1968 na ile ya 1990. Kwanza ya zamani ipo bure kihalali, kwa sababu muvi ilipobadilishwa jina kabla ya kutoka msambazaji alisahau kuweka ile alama ya hakimiliki, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule ukikosa alama umeshapoteza haki zako. Ndo maana imefanyiwa rimeki nyingi na watu wa kila aina, huhitaji kumlipa mtu. Romero mwenyewe aliandika skripti ya ile ya 1990, na moja ya sababu ilikuwa ni hiyo hiyo, ya kwanza ilitengeneza hela nyingi ila wao waliotoa jasho hawakuvuna walichostahili.

Ukiiangalia ya 1968 simama kwenye ile sini ya mazombi wanakula nje ya nyumba usiku. Ni nyeusi na nyeupe, kwa hiyo damu sio damu, ni sharubati ya chokoleti ya Bosco, na nyama wanayoitafuna ni nyama ya nguruwe ya kuchoma imemwagiwa hiyo chokoleti, huku utumbo ukiwa umeletwa na mmoja wa waliochangia hela ambaye alikuwa na biashara ya nyama. Waigizaji walikuwa wanateseka kweli kuimeza. Ukishajua hivyo irudie tena hiyo sini uone kama bado inakutisha, na inatisha, kwa sababu mwanga ni mbaya.

Halafu usiku wa pili weka ya 1990. Dairekta ni Tom Savini, na huyu jamaa lazima umjue. Kwao ni Pittsburgh, alitakiwa afanye mekapu kwenye ile ya kwanza ila akaingia jeshini, akapelekwa Vietnam akiwa mpiga picha wa vita. Maiti za kweli alizoziona kule ndo zilimfundisha mwili uliokufa unavyokaa, rangi yake, jinsi mdomo unavyobaki wazi. Akarudi akafanya Dawn of the Dead ya 1978, Friday the 13th ya 1980, Maniac ya 1980 na Day of the Dead ya 1985. Sasa utashangaa kwamba rimeki aliyoiongoza mwenyewe haina damu nyingi kama ulivyotegemea, bodi inayopanga madaraja ya muvi Marekani iliibana mpaka vitu vingi vikakatwa ili ipate daraja la R, lile ambalo wa chini ya miaka 17 lazima aingie na mtu mzima. Lakini angalia mazombi wenyewe, wameliwa mashavu, wamekonda, ngozi ina ile rangi ya kijivu inayoelekea njano, kila mmoja unaona alikufa kwa kitu chake. Hiyo ni kazi ya John Vulich na Everett Burrell. Na Barbara, ambaye kwenye ya zamani amekaa kwenye kochi amepigwa butwaa muvi nzima, huyu wa Patricia Tallman anashika bunduki na kuwa steringi. Hapo ndo unaelewa rimeki nzuri inafanya nini, inachukua sehemu ambayo ya zamani iliacha mlango wazi halafu inaingia.

Jambo linalofuata, kabla hujadanlodi au kununua chochote soma jina la mtu wa mekapu na efekti kabla ya jina la dairekta. Ukikuta Greg Nicotero na Howard Berger, wale wa kampuni ya efekti ya KNB, una uhakika nyama itakuwepo. Hao ndo walifanya The Hills Have Eyes ya 2006, rimeki ya Wes Craven ya 1977, dairekta Alexandre Aja Mfaransa, na lile jangwa unaloambiwa ni New Mexico kumbe ni Morocco, Ouarzazate. Hiyo muvi ina dakika za mwisho za kikatili ambazo nadhani mpaka leo chache zimeifikia. Ukisoma majina ukakuta orodha ndefu ya watu wa kompyuta na hakuna fundi wa mekapu hata mmoja unayemjua, kaa mbali. Damu ya kompyuta ina tatizo moja kubwa, hailoweshi kitu. Inaruka hewani halafu inapotea, shati linabaki safi, sakafu safi, na jicho lako linajua limedanganywa hata kama huwezi kueleza kwa nini.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki, baada ya mtu kuchomwa kisu au kupigwa risasi usiangalie kidonda, angalia vitu vilivyo pembeni. Ukuta umechafuka? Mikono ya muuaji ina damu kwenye sini inayofuata? Nywele zimeganda? Rimeki ya Evil Dead ya 2013 inafaulu hicho kipimo kuliko karibu zote. Fede Álvarez, kijana wa Uruguay aliyepata hiyo kazi baada ya kuweka mtandaoni muvi fupi ya dola 300 hivi, aliamua sehemu kubwa ya vitu vifanywe kwa mikono, na walipiga muvi kule New Zealand. Kuna sini ya binti jikoni anakata mkono wake mwenyewe kwa kile kisu cha umeme cha kukatia nyama. Iangalie taratibu. Mkono unaning'inia kwanza kabla haujaachia. Huo uzito wa mkono unaoning'inia kompyuta haiwezi kukupa, ni mkono feki wenye uzito wake unaovutwa na dunia. Halafu mwisho kuna mvua ya damu na chensoo, sitasema zaidi.

Angalizo moja hapa, The Texas Chain Saw Massacre ya 1974 watu wanaisifia kama ndo muvi ya damu kuliko zote lakini ukiiangalia kwa makini damu ni kidogo mno, mambo mengi yanatokea kichwani kwako. Usikasirike. Rimeki ya 2003 ndo inakuonyesha vile ambavyo ya kwanza ilikuachia ufikirie, na aliyepiga picha ni yule yule Daniel Pearl, miaka karibu 30 baadaye, mtu mmoja kamera mbili tofauti. Kwa wapenda damu hii jozi ni darasa zuri sana.

Kuhusu matoleo. Hili ni muhimu na wengi wanalipuuza, muvi moja inaweza kuwa na matoleo mawili matatu, moja limekatwa kwa ajili ya sinema na lingine halijakatwa. Cha kufanya ni kulinganisha dakika. Ukiona sehemu moja muvi ina dakika pungufu mbili tatu kuliko kwingine, mara nyingi damu yako ndo imebaki huko. My Bloody Valentine ya Kanada ya 1981 ilikatwa vibaya, na watu walisubiri mpaka 2009, ilipotoka rimeki yake ya 3D, ndo kampuni ikaona kuna biashara ikatoa ya zamani ikiwa na karibu dakika 3 za vile vilivyokatwa. Kwa hiyo hata kama rimeki yenyewe huipendi, mara nyingine inafukua ya zamani na kuirudisha ikiwa nzima.

Na tafadhali mara ya kwanza usiangalie iliyotafsiriwa. Nazipenda sana muvi za kutafsiriwa, kibanda umiza bila sauti ya mtafsiri sio kibanda umiza, na Kenya DJ Afro ana heshima yake. Lakini kwenye muvi za damu sauti ni nusu ya kazi, ule mfupa unaovunjika mara nyingi ni mboga au kabichi inavunjwa karibu na maiki, na mtafsiri akiongea juu yake umeshapoteza. Iangalie na sabutaito na hedifoni, ile iliyotafsiriwa utakula na washkaji wikiendi.

Zipo za kuruka. Cabin Fever ya 2016 walichukua skripti ile ile ya 2002 wakaipunguza tu na kuipiga upya, sioni ilikuwa na sababu gani ya kuwepo, bora urudie hiyo ya 2002 ya dairekta Eli Roth. I Spit on Your Grave, ya 1978 na ya 2010, ina wapenzi wake na efekti za ile ya 2010 ni kali, ila ni muvi ya ubakaji na inakaa kwenye huo ubakaji kwa muda mrefu, usiiweke kwenye kikundi bila kuwaambia watu mapema, kuna mtu anaweza kuwa na jambo lake hajakwambia. Na watoto wasiwepo nyumbani macho, hizi ni za 18 kwenda juu zote.

Ukitaka jicho lako likomae haraka tengeneza damu mwenyewe. Chemsha vikombe viwili vya sukari kwa kimoja cha maji mpaka iwe sharubati nzito, acha ipoe kabisa, weka rangi ya chakula nyekundu, kisha kakao kidogo sana kwenye ncha ya kijiko, na tone moja la bluu. Bila kakao na bluu itakuwa damu ya katuni. Ipake kwenye kitambaa cheupe, piga picha na simu dirishani halafu tena chini ya balbu, utaona rangi inabadilika. Sasa rudi kwenye muvi yoyote kati ya hizi na utaanza kuona fundi aliipanga damu yake kwa mwanga gani. Isiingie machoni, usivae nguo unayoipenda maana rangi haitoki, na futa sakafu vizuri la sivyo asubuhi utakuta sisimizi wamejaa. Damu ya mnyama usiiguse kabisa. Kule Wakaliga, Kampala, kwa mtengeneza muvi Isaac Nabwana na kundi lake la Wakaliwood, mwanzoni walitumia damu ya ng'ombe mpaka mwigizaji mmoja akapata ugonjwa wa kutupa mimba, ule wa brusela, ndo wakahamia kwenye rangi ya chakula. Wao damu yao wanaijaza kwenye kondomu, wanaifunga kifuani na uzi wa kuvutia, risasi ikilia uzi unavutwa kondomu inapasuka. Ukijaribu na mshkaji mmoja wa kuvuta uzi utaona inavyopendeza kwenye kamera.

Baada ya hizo jozi nenda kwa Herschell Gordon Lewis. Two Thousand Maniacs! ya 1964 ina rimeki ya 2005 inaitwa 2001 Maniacs, yumo Robert Englund na inachangamka kweli. The Wizard of Gore ya 1970 ina ya 2007 na Crispin Glover, hiyo ni ya ajabu ajabu na sio kila mtu ataimaliza. Blood Feast yenyewe ilirudiwa na Mjerumani Marcel Walz mwaka 2016. Ya zamani usiiruke hata kama uigizaji ni mbovu, kuna sini ya ulimi pale hotelini, ni ulimi wa kondoo, na mwaka 1963 hakuna aliyekuwa amewahi kuona kitu kama kile kwenye skrini.