Raigrasi iondoke, bermuda ibaki: kazi ya Machi hadi Juni viwanjani Dubai

Wenzangu mnaotunza nyasi huku Ghuba, ikifika Machi msidanganyike na ukijani. Ule unaompendeza bosi ni wa raigrasi, nyasi ya msimu wa baridi tuliyomwaga mbegu zake Oktoba. Bermuda, nyasi yetu ya kudumu ya msimu wa joto, iko chini yake, imebanwa, jua haioni. Bosi hataki kusikia habari ya kuigusa raigrasi, basi mpe hesabu: bermuda inataka kama siku 100 za kukua bila mshindani. Mbegu mpya zikimwagwa tena Oktoba 10, raigrasi lazima iwe imekwisha mwanzoni mwa Julai. Ikiisha Mei, raha zaidi.

Kabla ya yote, chimbua kipande kwa kisu ukiangalie. Raigrasi huota kwa vishungi, mgongo wa jani unang'aa kama umepakwa mafuta, na shina lina wekundu karibu na udongo. Bermuda hutambaa, na pale jani linaposhikana na shina pana vinyweleo vyeupe. Sasa fuata vishina vyake vya ardhini. Vikiwa vigumu, vyeupe ndani, vina machipukizi, bermuda iko hai. Vikiwa vya kahawia na vinabonyea, usihangaike na raigrasi hapo. Ukiitoa utabaki na mchanga mtupu. Agiza vipandikizi mapema.

Udongo wa kina cha sentimita 10 ukifika nyuzi 18, bermuda imeamka. Shusha mashine ya kukatia kidogo kidogo: kutoka milimita 15 hadi 13, kisha 11. Pitisha mashine ya visu vya wima, vinavyochana nyasi kwenda chini, juu juu tu, jua lipenye. Mbolea ya naitrojeni ya Februari huishia tumboni mwa raigrasi, kwa hiyo ngoja bermuda ianze kutambaa, ndipo uweke gramu 5 za naitrojeni kwa mita ya mraba.

Wapo wanaofunga maji ili raigrasi ife kwa kiu. Siafiki. Maji tunayonyweshea mengi ni majitaka yaliyosafishwa, yana chumvi. Ukikausha, chumvi hupanda juu, na bermuda changa ndiyo inayoungua.

Joto nalo usiliachie kazi yote. Raigrasi za siku hizi zimezalishwa zivumilie joto. Hung'ang'ania, halafu zinakufa kwa mkupuo na uwanja unabaki na mabaka. Bermuda ikishaonekana vizuri katikati ya vishungi, piga dawa ya kuua raigrasi bila kuua bermuda, kama foramsalfuroni. Inafanya kazi taratibu, wiki mbili hadi nne, na huo ndio uzuri wake: moja inanyauka huku nyingine ikijaza. Ila soma lebo kwanza, na kama uwanja wako ni wa paspalamu, nyasi nyingine ya msimu wa joto, dawa za kundi hili ziweke mbali.

Na siku ya kupiga, zuia watu na mashine mpaka majani yakauke kabisa. Mtu akitoka hapo na viatu vibichi akapita kwenye raigrasi ya sehemu nyingine unayotaka kuibakiza, siku chache baadaye utazihesabu nyayo zake, moja moja, za manjano.