Deni la shule ya unesi Marekani: lipime na mshahara kabla hujajiandikisha

Nesi aliyesoma chuo cha jamii kwa shahada ya miaka miwili (ADN) na mwenzake aliyesoma BSN (shahada ya kwanza ya unesi, kwa kawaida miaka minne) katika chuo kikuu binafsi cha ghali hufanya mtihani uleule, NCLEX-RN, na kupewa leseni ileile ya RN, yaani nesi aliyesajiliwa. Wakiajiriwa pamoja katika wadi moja, tofauti ya mishahara yao kwa kawaida ni senti chache au dola moja mbili kwa saa. Deni ndilo linaloweza kutofautiana kwa makumi ya maelfu ya dola. Kwa hiyo anayechagua shule kwa kuuliza "wahitimu wao wanalipwa ngapi?" anaanza na swali dogo. Mshahara wa nesi huamuliwa zaidi na jimbo na mwajiri. Shule huamua deni lako, muda utakaotumia, na uwezekano wa kumaliza na kupata leseni.

Anza na mshahara, lakini wa nesi mpya

Kwa takwimu za BLS, ofisi ya serikali ya takwimu za kazi, mediani ya mshahara wa RN ilikuwa dola 93,600 kwa mwaka mnamo Mei 2024. Mediani maana yake ni mtu wa katikati ukiwapanga wote kuanzia anayelipwa kidogo hadi anayelipwa zaidi. Usiipangie bajeti. Ndani yake wamo manesi wenye uzoefu wa miaka 20, na wamo wa California, ambako wastani unazidi dola 130,000, pamoja na wa majimbo kama South Dakota, ambako wastani hauko mbali na 70,000.

Tafuta matangazo ya kazi ya manesi wapya katika hospitali za mji utakaoishi, uandike kiwango cha kila saa. Kisha zidisha kwa saa 1,872, si 2,080. Manesi wengi wa wadi hufanya zamu tatu za saa 12, yaani saa 36 kwa wiki na si 40, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Kwa dola 36 kwa saa, mshahara wa mwaka ni 67,392. Nyongeza ya usiku na ya wikendi iache nje ya hesabu. Ikija, itakusaidia kulipa deni haraka, lakini deni lisilolipika bila zamu za usiku ni deni kubwa mno.

Deni la juu kabisa unaloweza kubeba

Kipimo kinachofaa ni hiki: marejesho ya mwezi yasizidi asilimia 8 ya mshahara kabla ya kodi. Kwa mshahara wa 67,392, mwezi ni dola 5,616, na asilimia 8 yake ni kama 449.

Mkopo wa serikali kuu kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza uliotolewa mwaka wa masomo 2025–26 una riba ya asilimia 6.39. Ukiulipa kwa miaka 10, kila dola 1,000 za deni ni dola 11.30 kwa mwezi. Gawanya 449 kwa 11.30, upate kama 39.7. Dari lako basi ni takriban dola 39,700, na hiyo ni jumla ya mikopo yote mpaka unahitimu, riba iliyolimbikizwa ukiwa shuleni ikiwemo.

Mkopo wa benki kwa riba ya asilimia 12 hubadili picha yote. Kila dola 1,000 inakuwa dola 14.35 kwa mwezi, na dari linashuka hadi kama 31,300 kwa mshahara uleule.

Jinsi ya kusoma College Scorecard

Tovuti hii ya Idara ya Elimu inaonyesha mapato na deni la wahitimu kwa kila chuo na kila fani. Fungua chuo, nenda kwenye fani, tafuta unesi wa RN, na hakikisha unaangalia ngazi sahihi, maana ADN na BSN huwekwa mbali mbali. Ni chombo kizuri, lakini kina mitego.

Mkubwa kuliko yote ni wa programu za RN kwenda BSN. Chuo chenye wanafunzi wengi wa mtandaoni ambao tayari ni manesi wenye kazi kitaonyesha mapato makubwa na deni dogo. Hao hawakufundishwa unesi pale. Walikuja na leseni na mshahara wao. Namba hizo huwekwa katika kapu moja na za kijana aliyeanza kutoka sifuri. Ukiona chuo kisichojulikana kimevipita vyuo vyote vya jimbo kwa mapato, uliza kwanza ni wangapi kati ya wahitimu waliingia wakiwa RN.

Mtego wa pili ni kwamba deni linaloonyeshwa ni la mikopo ya serikali kuu ya mwanafunzi mwenyewe. Mikopo ya benki haimo, na ile ambayo wazazi huchukua (Parent PLUS) haichanganywi humo. Kwa chuo binafsi cha bei ghali, hapo ndipo sehemu kubwa ya mzigo hujificha. Tena, deni hilo ni la waliohitimu. Aliyekatishwa masomo mwaka wa pili ana deni bila leseni, na hayumo kwenye namba hiyo.

Gharama ambazo hazimo kwenye karo

Pata gharama halisi, yaani karo na matumizi ukitoa ruzuku usizorudisha. Pell Grant, ruzuku ya serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato cha chini, kwa 2025–26 hufika dola 7,395, na katika vyuo vingi vya jamii kiasi hicho kinafunika karo yote. Kisha ongeza sare, vitabu, chanjo, ukaguzi wa rekodi ya uhalifu, mafuta ya kwenda kwenye mafunzo ya hospitalini, dola 200 za NCLEX na ada ya leseni ya jimbo. Kubwa kuliko hizo ni saa za kazi utakazopunguza. Anayefanya kazi kama CNA (nesi msaidizi) akipunguza saa 16 kwa wiki kwa miaka miwili amepoteza pesa nyingi kuliko karo ya chuo cha jamii, na pengo hilo mara nyingi huzibwa kwa mkopo.

Viwango vya mikopo ya serikali navyo vina mpaka. Mwanafunzi anayemtegemea mzazi hupata dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, na 7,500 kuanzia wa tatu, jumla isizidi 31,000. Anayejitegemea hufika 57,500. Shule ikikupangia bajeti inayopita hapo, wanakuelekeza benki. Mwenye viza ya F-1 (ya mwanafunzi wa kigeni) hapati mikopo hii kabisa. Na mwenye digrii nyingine anayetaka BSN ya haraka ya miezi 12 hadi 18 akumbuke mambo mawili: Pell hana tena, na mikopo ya digrii ya kwanza imeshakula sehemu ya mpaka wake.

Swali la leseni

Bodi za unesi za majimbo huchapisha asilimia ya wanaofaulu NCLEX mara ya kwanza. Soma miaka mitatu au zaidi, maana mwaka mmoja hudanganya. Programu inayochezea chini ya asilimia 80 iache. Hata asilimia 98 haitoshi peke yake, kwa sababu zipo shule zinazowazuia wanafunzi dhaifu wasihitimu kwa mtihani wa ndani wa mwisho, ili asilimia ibaki juu. Waulize: darasa lililoanza na watu 60, wangapi walimaliza kwa wakati? Wakikwepa kujibu, chukulia ni wachache.

Hakikisha pia programu ina ithibati ya ACEN, CCNE au CNEA, mashirika yanayokagua ubora wa programu za unesi. Bila hiyo, vyuo vingi vitakataa kukupokea kwa BSN baadaye, na hospitali za VA (za maveterani wa jeshi) zinaidai.

Kungoja au kulipa zaidi?

Vyuo vya jamii vya bei nafuu mara nyingi vina orodha ya kungojea, na shule za ghali hukuambia uanze mwezi ujao. Hapa hesabu ni ya kweli, na haielekei upande mmoja. Mediani ya CNA Mei 2024 ilikuwa kama dola 39,500. Mwaka mmoja wa kubaki CNA badala ya RN wa 67,392 unakugharimu karibu dola 28,000, labda 22,000 baada ya kodi. Shule ya haraka inayokuongezea deni la 28,000 kwa riba ya 6.39 utailipa kama dola 38,000 kwa miaka 10. Kwa riba ya 12 itafika 48,000. Kungoja mwaka mmoja, basi, ni nafuu. Kungoja miaka miwili kunapoteza 44,000, na hapo shule ya ghali yaweza kushinda ikiwa ni mkopo wa serikali, si wa benki. Ukingoja, maliza anatomia, fiziolojia, mikrobiolojia na takwimu, lakini angalia kikomo: vyuo vingi havikubali masomo ya sayansi ya zaidi ya miaka 5 au 7.

Anayechagua ADN asiogope kuwa amefungiwa njia. Waajiri wanaruhusiwa kulipa hadi dola 5,250 za masomo kwa mwaka bila wewe kutozwa kodi, na BSN humalizwa hivyo ukiwa kazini. Tahadhari ni kwamba hospitali nyingi kubwa huajiri wa BSN kwanza, na New York, kwa sheria ya 2017, inadai nesi mpya apate BSN ndani ya miaka 10. Piga simu hospitali tatu unazozitaka, uulize kama zinaajiri ADN wapya, kabla hujalipa ada ya maombi.

Misamaha ya deni isiingie kwenye hesabu ya dari. PSLF, mpango wa serikali kuu kwa wanaofanya kazi za umma, hufuta salio baada ya malipo 120 yanayostahili ukiwa umeajiriwa na serikali au shirika lisilo la faida, lakini haigusi mkopo wa benki. Nurse Corps, mpango mwingine wa serikali kuu, hulipa asilimia 60 ya deni la unesi kwa miaka miwili ya kazi katika vituo vyenye upungufu wa wahudumu, na waombaji ni wengi kuliko nafasi. Hospitali ikikupa pesa za masomo kwa mkataba wa miaka miwili au mitatu, tafuta kifungu kinachosema utarudisha kiasi gani ukiondoka mapema, na kama kinapungua kila mwezi unaofanya kazi au kinabaki chote mpaka siku ya mwisho.