Kuzunguka Kyoto siku nzima na muongozaji wako mwenyewe, panga hivi usije ukaishia kuona siti ya gari

Mara ya kwanza kwenda Kyoto, Japani, nililipia ziara ya binafsi ya siku nzima, gari na dereva, sehemu nane. Nane! Kwenye karatasi ilikuwa tamu kweli. Nilichobaki nacho kichwani ni foleni, foleni, na mgongo wa siti ya Alphard ambayo hata Dar ningeipanda bila kuomba viza. Mara ya pili nikaenda na mama na dada yangu, tukachukua muongozaji mmoja tu, sehemu nne, na mama mpaka leo anasimulia utadhani kazaliwa kule. Kwaiyo naandika jinsi tulivyofanya ile ya pili, ile ya kwanza nitaigusa pale inapohitajika.

Kwanza jua unanunua nini, maana hapa ndo watu wengi wanachanganya. Kuna gari na dereva, huyo kazi yake kuendesha, anakushusha getini anakusubiri parking, mara nyingi haingii na wewe ndani na kiingereza chake kinaweza kuwa cha salamu na namba tu. Alafu kuna muongozaji wa kutembea nae, anakufuata hotelini, mnapanda wote treni na teksi, anaingia na wewe kila mahali na anakuelezea. Ukitaka vyote viwili unalipa vyote viwili. Bei nilizopata mimi nikiulizia huku na huku, muongozaji wa siku nzima yen elfu 30 mpaka 50, gari na dereva elfu 60 kwenda juu, na hiyo ni ya kundi zima sio ya kichwa, ndo maana mkiwa wanne inaanza kuleta maana, ukiwa peke yako inauma.

Ushauri wangu, kama hamna mgonjwa au mtoto mdogo sana, achana na gari. Kyoto barabara za kwenda kwenye mahekalu ni nyembamba na msimu ukichanganya gari halisogei, wakati treni inapita kama hamna kitu. Mama yangu ana goti bovu na bado hatukukodi gari, palipo na mlima tulichukua teksi ya kawaida. Na teksi ya Kijapani usiiguse mlango, unafunguka wenyewe, dereva anabonyeza kutoka mbele, dada yangu alivuta mpaka mzee wa watu akawa anapunga mikono amevaa glovu zake nyeupe.

Sasa ukisema lazima gari, angalia namba. Sisi Tanzania tumezoea gari ya biashara namba nyeupe na ya mtu binafsi ya njano. Japani geuza kichwa, nyeupe ndo gari ya binafsi, iliyoruhusiwa kubeba abiria kwa malipo ina plate ya kijani maandishi meupe. Mtu akikwambia mimi ni muongozaji na nitakuzungusha na gari yangu alafu ikaja na plate nyeupe, hiyo ni teksi bubu, ni kosa kule, na ikitokea ajali bima inaweza kukukana. Muongozaji wa kweli atakwambia mwenyewe kuwa haendeshi.

Leseni je? Zamani kuongoza watalii wa kigeni kwa malipo bila kufaulu mtihani wa serikali ilikuwa kosa. Tangu 2018 mtu yeyote anaruhusiwa, ila cheti cha serikali bado kipo na mtihani wake mgumu, historia, jiografia, lugha. Kwaiyo asiye na cheti sio tapeli, wapo wazuri tu, lakini unaruhusiwa kuuliza na mwenye nacho hachukii, ana kitambulisho atakuonyesha. Pia kuna vikundi vya watu wa kujitolea, wengi wastaafu na wanafunzi, hawatozi hela ya kazi, unalipa nauli zao, viingilio na chakula cha mchana. Wanataka uombe mapema na huwezi kuwapangia sana. Muongozaji wa Kiswahili usimtegemee, jiandae na kiingereza, na kama mzazi wako hakijui basi wewe ndo mkalimani, mimi ile siku koo liliniuma.

Kabla hujalipa chochote mwandikie. Usiandike "nataka kuona Kyoto", andika mko wangapi, umri, nani ana shida ya miguu, mnakula nini hamli nini, hotel ipo kituo gani, na mnataka kuanza saa ngapi. Alafu uliza, bei yako inajumlisha nini? Maana mara nyingi viingilio, nauli na chakula cha muongozaji vyote juu yako. Saa la nyongeza kiasi gani? Tukighairi siku mbili kabla mnarudisha ngapi? Mvua ikinyesha mnabadilisha nini? Jinsi anavyojibu ndo kipimo chako. Yule wa kwanza alinijibu "yes no problem" kwa kila kitu, hata nilipotaja sehemu nane. Huyu wa pili, mmama wa makamo, alinirudishia meseji ndefu akisema kwa heshima hizi hazitawezekana kwa goti la mama, chagua. Nikajua hapo nimepata mtu.

Na saa, jamani saa. Wao wanaandika 07:00, nikawaambia nyumbani "saa moja", sawa kabisa, dada nae akasoma meseji ya kiingereza akaseti alarm ya simu kwenye moja. Saa saba usiku tumeamshwa wote. Andikeni kwenye karatasi kwa saa zetu na za kwao mbandike mlangoni.

Kupanga sehemu ni hivi. Chukua ramani ya Kyoto uigawe mashariki na magharibi. Mashariki na kusini una Fushimi Inari, ile ya mageti mekundu, Kiyomizu-dera, hekalu la mlimani, na Gion, mtaa wa zamani wa mageisha. Magharibi una Arashiyama na msitu wake wa mianzi, na Kinkaku-ji, lile banda la dhahabu, liko kaskazini magharibi. Anaekuuzia vyote hivyo siku moja anakuuzia barabara. Chagua upande mmoja. Kinkaku-ji ni zuri sitaki kusema uongo, ila ndani huingii, unalitazama ng'ambo ya bwawa unafuata njia unatoka, na lenyewe lilichomwa moto 1950 na mtawa kijana, hili la sasa limejengwa 1955. Ukiwa na siku ya pili nenda, unaweza hata peke yako, hela ya muongozaji itumie pale ambapo bila maelezo unaona mbao tu.

Sisi tulianza Fushimi Inari saa moja asubuhi. Waongozaji wengi wanaanza saa tatu, omba mapema, ataongeza kidogo au hataongeza. Kuingia bure, hapafungwi usiku wala mchana, na kutoka Kyoto Station ni vituo viwili tu kwa treni ya kampuni ya JR, njia ya Nara, ila panda ile inayosimama kila kituo, ya haraka inapita. Saa nne watu wanakuwa wamebanana hata picha huwezi, saa moja tulikuwa sisi, kunguru na wazee wa mazoezi. Yale mageti mekundu, torii, yapo maelfu, yanapanda mlima wa mita 233. Unapopanda unaona wekundu mtupu. Muongozaji akamwambia mama simama, geuka nyuma. Kila nguzo upande wa pili imejaa maandishi meusi, jina la aliyetoa na tarehe, wengi makampuni na maduka, maana Inari ni mungu wa mpunga na biashara, na mbweha wa mawe unaowaona kila kona ndo wajumbe wake. Ile mara ya kwanza nilipita humo humo na sikugeuka hata mara moja. Kilele hatukufika, mzunguko wote ni masaa mawili hadi matatu, tukaishia sehemu ya chini tukarudi.

Kutoka hapo usirudi Kyoto Station, tembea dakika chache kuna kituo cha treni za Keihan, panda mpaka Kiyomizu-Gojo, ukishuka chukua teksi ya kupanda mlima kama kuna mzee. Kiyomizu-dera inafungua saa 12 asubuhi na kiingilio ni yen 500, kesh, mahekalu mengi hayataki kadi kwaiyo tembea na sarafu. Kibaraza chake kimening'inia juu ya bonde kama mita 13, mbao zimepishanishwa zimeshikana bila misumari, jengo hili ni la 1633. Wajapani mtu akifanya uamuzi mzito wanasema ameruka kutoka kibaraza cha Kiyomizu. Chini yake kuna maji ya mifereji mitatu, umri mrefu, masomo, mapenzi, unakinga kwa kikombe cha mpini mrefu. Mama akakinga wa umri akataka na wa pili, akaambiwa ukichukua yote unaonekana mlafi. Akacheka akarudisha kikombe, akasema basi ya mapenzi mwachieni huyu, yani mimi.

Mkitoka shukeni kwa miguu njia za Sannenzaka na Ninenzaka, ngazi za mawe na nyumba za mbao, na hapo ndo hela inapotea, chai ya matcha, bakuli, vijiti vya kulia. Wana imani kwamba ukianguka Sannenzaka unakufa ndani ya miaka mitatu, mwambie hivyo mama wa Kiafrika uone atakavyoshikilia mkono wa muongozaji mpaka chini.

Chakula kinataka maneno. Kwa Waislamu na wote wasiokula nguruwe au pombe, kusema "no pork" haitoshi. Rameni, zile tambi za supu, nyingi supu yake ni mifupa ya nguruwe, na michuzi mingi ina sake au mirin, pombe za mchele, hata ya samaki na mboga. Hilo lisemwe wiki nzima kabla, muongozaji apige simu mgahawani, apange. Ukisubiri saa saba mna njaa mtaishia kula onigiri, matonge ya wali, za dukani, sio mbaya lakini sio ulichofuata. Yetu ilikuwa tofu na mboga, mama alikula kwa adabu, jioni akafungua mkoba akatoa korosho zake.

Mchana tukapanda teksi hadi Nijo, ngome ya 1603 ya shogun, yule mtawala wa kijeshi. Unavua viatu, vaa soksi nzima tafadhali, na Novemba sakafu ni baridi kama barafu. Hiyo sakafu inalia, ukikanyaga inatoa sauti kama ndege, kote korido. Ndani ya kuta hizo ndo shogun wa mwisho alitangaza 1867 kurudisha madaraka kwa mfalme, kuna ukumbi wenyewe unauona. Uliza kabla siku zinazofungwa, na mahekalu na majumba mengi yanafunga karibu saa 11 jioni huku mwisho wa kuingia ni mapema zaidi, kwaiyo chochote chenye geti kiwe kabla ya saa tisa na nusu kwenye mpango wako. Novemba mwishoni jua linazama kabla hata ya saa 11, usipange kama uko Mombasa.

Kutoka Nijo tulipita soko la Nishiki, uchochoro kama wa mita 400 wa samaki, achari na vitafunwa, dakika 20 zinatosha kwa maoni yangu, na ukinunua kitu kula pale pale mbele ya duka, kutembea huku unatafuna hawapendi. Takataka beba, mapipa hamna, weka mfuko wa rambo kwenye begi.

Mwisho Gion wakati taa zinawashwa. Hapa msikilize muongozaji. Kuna vichochoro vya watu binafsi vimefungwa kwa watalii tangu 2024, vibao vipo na faini yen elfu 10, na chanzo ni sisi wageni kuwakimbilia wasichana wa kimono na simu. Geiko, ndo mageisha wa Kyoto, na maiko, wanafunzi wao, wanakuwa wanawahi kazini, muache apite. Sisi tulisimama barabara kubwa tukamuona mmoja sekunde tano labda, anakwenda haraka hatua fupi fupi, kola imeshuka nyuma shingo nyeupe, akakunja kona. Inatosha.

Tip hamna. Usimlazimishe mtu, unamtia aibu. Zawadi ndogo ya kwenu inapokelewa vizuri, mama alimpa korosho za Mtwara akazipokea kwa mikono miwili na kuinama, alafu nae akatoa kwenye begi leso imefungwa kwenye karatasi, kumbe alikuja nayo tangu asubuhi.

Tulikaa nae masaa kumi, mawili tulilipia nyongeza. Kitu kimoja nilichoona wengi hawaombi, kabla hamjaagana mwambie akuandikie kwa Kijapani vikaratasi viwili, kimoja jina na anwani ya hotel cha kumuonyesha dereva wa teksi, kingine kwamba huli nguruwe wala pombe hata kwenye mchuzi. Hicho cha pili tulikula nacho siku sita zilizobaki. Kipige na picha kabisa, chetu kililowa mvua Osaka wino ukaenda wote.