Kutofautisha sisimizi wakata majani kwa DNA (na lile jedwali lililoninyima usingizi)

Juzi nimeshinda kwenye simu na mdogo wangu mmoja, yuko Panama, ana vichupa kibao vya sisimizi wakata majani na hajui nani ni nani, basi naandika hapa nisije nikarudia yaleyale kila wiki.

1. Anza na macho. Atta (jenasi moja ya hawa wakata majani) ana jozi 3 za miiba mgongoni, Acromyrmex (jenasi nyingine) ana 4. Hapo DNA ya kazi gani?

2. Watie kwenye ethanoli 95%, palepale porini. Halafu kiota kimoja kihesabu sampuli moja, maana watoto wa malkia mmoja wote wana maitokondria (vijiwanda vya nishati ndani ya seli, vyenye DNA yake) ya mama yao. Ila kwa Acromyrmex echinatior weka wa akiba, kuna jamaa anaitwa A. insinuator anaishi humohumo kwenye kiota chake, analishwa bure.

3. Ng'oa mguu, toa DNA, piga PCR (kunakili kipande cha DNA mara nyingi) ya COI, jeni ya maitokondria, kwa praima (vipande vifupi vya kuanzishia kunakili) LCO1490 na HCO2198, peleka herufi zake zikasomwe, hiyo ndiyo sekwensi.

4. Sasa hapa tulia. Utapata kipande cha herufi 658, na kabla hujakilinganisha na chochote kitafsiri kuwa protini, na utumie jedwali namba 5 la kutafsiri herufi za DNA tatutatu, la maitokondria ya wasio na uti wa mgongo. Mi niliacha namba 1 iliyokuja na programu, humo TGA ni kikomo (ishara ya protini kuishia), kumbe kwa hawa inasomeka triptofani, kiungo tu cha protini, nikaona vikomo kila mahali nikatupa sekwensi za wiki nzima, nzuri kabisa! Ukishaweka 5 na bado unaona TAA (kikomo halisi) katikati, au herufi moja imeruka, basi umenasa numt, yaani kopi ya zamani ya COI iliyohamia kwenye kiini cha seli, praima haijui tofauti. Kwa Atta cephalotes zimeshathibitishwa. Na zipo zisizo na kikomo hata kimoja, hizo zinapita kimyakimya, utazishtukia kwa vilele viwili sehemu moja kwenye kromatogramu (mchoro wa usomaji, kila herufi na kilele chake). Tafadhali usichague kilele kirefu ukaendelea! Rudia PCR kwa kipande kirefu zaidi, numt nyingi ni fupi.

5. Linganisha na GenBank (hazina ya wazi ya sekwensi mtandaoni), ila jina la kwanza linalotokea usilibebe tu, watu hupandisha sekwensi zenye majina ya kukisia. Pima na jeni ya kiini pia, mi napenda ile iitwayo wingless. Mti wa ukoo chora kwa programu ya MEGA, Trachymyrmex (sisimizi ndugu, si wakata majani) awe jamaa wa nje wa kulinganishia.

Vichupa viwili vya mdogo wangu bado vina vilele viwiliviwili, kesho anarudia.