Unaogopa ndege na safari ya Dar imekaribia? Soma hapa kwanza

Mtu wa Mwanza akisema anaogopa ndege usimcheke. Sisi huku hatukusikia habari ya nchi za mbali, tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliingia ziwani pale Bukoba hali ya hewa ikiwa mbaya, watu 43 ndani, 19 wakafariki, 24 wakapona, na waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Video tuliziona wote. Kwa hiyo shemeji yako wa Dar akikwambia "acha ushamba, ndege ni salama" unamwangalia tu.

Na kiukweli namba anazo. WHO wanakadiria barabara zinaua watu kama milioni 1.19 kwa mwaka dunia nzima, ndege za abiria ni mamia tu. Ila mi sijaona mtu kapona woga kwa namba, anakubali kabisa, anatikisa kichwa, afu anaenda zake stendi ya Nyegezi kukata basi akakae kwenye siti kutwa nzima mpaka miguu ivimbe. Ninachosema mimi ni hiki, usisubiri woga uishe ndo ukate tiketi, hauishi ukiwa umekaa nyumbani, kila ukikwepa safari woga ndo unanenepa. Unapanda nao hivyo hivyo, kazi yako ni kuupunguzia sauti.

Anza kwa kujua unaogopa nini hasa, maana sio wote tunaogopa kitu kimoja. Kuna anayeogopa ndege kuanguka. Kuna ambaye ndege yenyewe haina shida, anaogopa mlango ukishafungwa hakuna cha "konda shusha". Wengine ni aibu, wanaogopa kutapika au kupiga yowe mbele za watu. Wa kwanza anahitaji kuelewa ndege inavyofanya kazi, hao wengine wanahitaji zaidi mazoezi ya mwili, na wengi wetu tunahitaji vyote.

Sasa milio, maana hapa ndo watu wanakufa kabla ya siku zao. Ndege ikishaacha ardhi utasikia kitu kinasaga na kugonga chini ya miguu, ni matairi yanakunjwa kuingia ndani. Muda mfupi baadae injini zinapunguza mvumo ghafla na tumbo unalisikia limebaki juu, hapo watu wanashika mikono ya majirani wasiowajua kabisa, kumbe rubani kapunguza tu nguvu sababu kuondoka ardhini kunataka nguvu nyingi kuliko kuendelea kupanda. Ile ting! ni taa ya mkanda au wahudumu wanaitana. Karibu na kutua utasikia mota inalia na bawa linajitanua kwa nyuma, linasaidia ndege iweze kwenda polepole bila kudondoka. Ikigusa chini inakuja kelele kubwa kuliko zote, hizo ni injini na breki zinaivuta isimame, na kwenye zile za pangaboi mvumo unakuwa wa aina yake.

Mtikisiko nao. Jua likichoma ardhi hewa inapanda, sehemu nyingine inashuka, na ndege inakwenda nayo kama boti kwenye mawimbi, boti halizami sababu tu limeruka ruka. Ukiona bawa linapinda usishtuke, limetengenezwa lipinde. Anayeumia kwenye mtikisiko mara nyingi ni yule hakufunga mkanda, kwa hiyo wewe funga hata taa ikizimwa. Na swali la injini moja kuzimika, hizi ndege za injini mbili haziruhusiwi kubeba abiria mpaka zithibitishwe kwamba zinaweza kuendelea kupanda na injini moja iliyobaki, hata kama ile nyingine imekufa wakati wa kuruka.

Kuhusu muda wa kusafiri, mtandaoni kote utaambiwa panda ya asubuhi hewa imetulia. Kwa nchi kavu ni sawa, na ya Mwanza kwenda Dar, kama saa moja na nusu hivi, inaliacha ziwa mapema, kwa hiyo asubuhi chukua tu. Ila ziwa letu lina tabia zake jamani, muulize mvuvi yeyote. Mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu na mvua inajijenga huko, usiku unageuka, unatoka pande zote za nchi kavu unakutana katikati ya maji, ndo maana radi za ziwani zinapiga sana usiku kuelekea alfajiri na mawingu mengine asubuhi yanakuwa bado yapo. Kwa hiyo kama unaenda Bukoba au Entebbe na ratiba inakupa uchaguzi, usikimbilie ile ya kwanza kabisa eti ndo imetulia. Rubani ana rada na atalizunguka wingu, hapa naongelea raha ya tumbo lako. Safari ya kwanza ikiweza kuwa Juni mpaka Agosti ni vizuri zaidi kuliko Novemba au Aprili kwenye mvua. Siti omba ya usawa wa mabawa, nyuma kabisa ndo kunarushwa sana. Yule anayeogopa kufungiwa mlango akae upande wa korido.

Kabla ya siku yenyewe, nenda uwanjani bila safari. Uko Ilemela tu huko, daladala zipo, tafuta sehemu watu wanaruhusiwa kukaa, nunua soda, angalia zinatua na kuondoka. Moyo utaanza kwenda mbio, sawa, usiondoke hapo hapo, kaa mpaka utulie ndo uondoke, maana ukikimbia moyo ukiwa juu mwili unajifunza kwamba kukimbia ndo kumekuokoa. Rudia siku nyingine. Na usiku kabla ya kulala zoea kupumua, vuta kwa pua ukihesabu mpaka 4, toa kwa mdomo taratibu ukihesabu mpaka 6. Pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, hiyo ndo inashusha mapigo. Ukisubiri kujifunzia ndani ya ndege imekula kwako.

Siku ya safari kula kidogo, kahawa na zile energi acha, zinakimbiza moyo afu utadhani ni woga. Konyagi ya kujipa moyo pia hapana. Dawa za usingizi usijinunulie duka la dawa ukameza, kama woga wako ni wa kuzimia kabisa muone daktari, hospitali ya Bugando kuna idara ya afya ya akili na hili ni jambo la kawaida kwao, huendi kuitwa chizi.

Ukiingia ndani mwambie muhudumu. Shangazi yangu alimwambia yule binti pale mlangoni "mwanangu mi naogopa hii kitu, nitakusumbua," akajibiwa "usijali mama, nitakuwa napita," na kweli kila akipita anamgusa bega. Afu hesabu siti toka yako mpaka mlango wa dharura, sikiliza maelezo ya jaketi la kuokolea, na kumbuka halijazwi upepo ukiwa bado ndani, maana maji yakiingia litakunyanyua likubane juu ushindwe kutoka mlangoni. Najua inaonekana kama najitisha, ila kwa mtu wa ziwani kujua hili kunatuliza kuliko kuambiwa "hakuna kitu".

Woga ukipanda, jasho, ganzi vidoleni, usipigane nao. Jiambie nakujua wewe, ni mwili tu umejaza homoni, inafika kilele afu inashuka ndani ya dakika kadhaa na haijakuua. Kaza mapaja na nyayo kwa nguvu, hesabu 5, achia, rudia. Ukiwa na wasiwasi na mlio fulani mwangalie muhudumu, kama anagawa soda na wewe kunywa soda.

Kutua Mwanza unaweza kuona maji karibu kabisa mpaka ukashangaa uwanja uko wapi, ndivyo ulivyokaa, uko pembeni ya ziwa. Na ikitokea ndege inakaribia kutua afu inanyanyuka tena kwa mvumo, usianze kuaga ndugu. Rubani hajaridhika na upepo au njia, ameamua kuzunguka aje upya, na rubani anayezunguka ndo wa kumuombea dua.

Mwisho, tiketi kata ya kwenda na kurudi kabisa. Ukifika Dar bila ya kurudi, nakujua, utajikuta Mbezi pale stendi ya Magufuli unaulizia basi la alfajiri la Mwanza.