Kuupanga Mwili na Kusawazisha Misuli katika Mikao ya Yoga

Tadasana, yaani mkao wa mlima, huonekana kuwa ni kusimama tu, na kwa sababu hiyo wengi huupita haraka, ingawa ndio kipimo cha mikao mingine yote ya kusimama. Simama peku kwenye sakafu ngumu, nyayo zikiwa sambamba na zimetengana kwa upana wa nyonga. Gawa uzito katika sehemu tatu za kila unyayo: shina la kidole gumba, shina la kidole kidogo, na kisigino. Tulia hapo, upumue, uchunguze ni mguu upi unaobeba zaidi, kwani watu wengi wana upande wanaouegemea bila kujua. Kisha kaza misuli ya mbele ya mapaja bila kuyasukuma magoti nyuma. Mwenye viungo vilegevu anapaswa kuwa mwangalifu zaidi, kwa kuwa goti likisukumwa nyuma, mzigo uliopaswa kubebwa na misuli huhamia kwenye kano. Kiuno kisibinuliwe, na mbavu za chini zisitokeze mbele.

Mkao wa Virabhadrasana wa pili, yaani mkao wa shujaa, ndio unaofichua udhaifu. Tanua miguu, geuza mguu wa kulia nje kwa nyuzi 90 na unyayo wa kushoto uingie ndani kidogo, kisha kunja goti la kulia mpaka liwe juu ya kifundo cha mguu. Goti likiangukia ndani, mara nyingi ni misuli ya pembeni ya tako ndiyo haifanyi kazi yake, na kulilazimisha goti kwa mkono hakusaidii. Punguza kina cha kukunja, kandamiza ukingo wa nje wa unyayo, na uelekeze goti kwenye kidole cha pili. Rudia upande wa kushoto, na ule ulio dhaifu uupe zamu moja ya ziada.

Kuna pengo ambalo walimu hawalitaji vya kutosha: mikao ya mkekani ina kazi nyingi ya kusukuma kwa mikono, hasa Chaturanga, yaani kuushusha mwili ulionyooka karibu na sakafu kwa kukunja viwiko, lakini karibu haina ya kuvuta. Mwenye kuirudia kila siku huimarisha kifua na mbele ya mabega huku misuli ya kati ya mabega ikibaki nyuma. Kwa hiyo ongeza Shalabhasana: lala kifudifudi, inua kifua na mikono, na uvute mabega mbali na masikio. Katika Chaturanga yenyewe, mabega yasishuke chini ya viwiko; yakishuka, weka magoti sakafuni.

B.K.S. Iyengar, mwalimu wa yoga aliyefundisha kwa miongo mingi mjini Pune, India, hadi kufariki mwaka 2014, alieneza matumizi ya vipande vya mbao, mikanda na ukuta ili kila mwili uweze kupangika. Usione haya kuvitumia. Mvutano katikati ya msuli unaweza kuuvumilia, lakini maumivu makali ndani ya kiungo yakuondoe kwenye mkao mara moja.